Soni, Korogwe au Kariakoo: Kura ya Nani Ndiyo Nzito?

Hoja iliyo mezani ni hii: familia yenye watoto wadogo inayoishi Kariakoo ihame. Ihamie wapi, hapo ndipo ndugu huanza kununiana. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000 Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Kwa takwimu hizo mtu angedhani ubishi umekwisha na jiji limeshinda. Lakini sensa hiyohiyo ya 2022 ilikuta karibu theluthi mbili ya Watanzania bado wanaishi vijijini. Hata hao walioko Dar, wengi ukiwauliza kwao ni wapi hawakutajii mtaa, wanakutajia mkoa.

Wasemaji wa mjadala huu nimewabuni mimi, ila hoja zao ni za watu. Kaa kwenye benchi la muuza kahawa Mtaa wa Sikukuu utazisikia zote. MWENYE DUKA anauza vyombo vya nyumbani kwa jumla. Amepanga fremu Kariakoo, na familia yake inaishi ghorofa ya tano, hatua chache kutoka dukani. MAMA ni mkewe, analea watoto watatu. BABA MKUBWA ni fundi cherehani wa siku nyingi, mzaliwa wa Soni, Lushoto, aliyeingia mjini mwanzoni mwa miaka ya 1970. MUUGUZI ni dada wa Mwenye Duka, anafanya kazi Korogwe. BIBI, mama yao, yuko Soni na atasema kwa simu. BINTI yuko darasa la saba. Hakualikwa, lakini alisema.

Hoja ya kijiji

BABA MKUBWA: Wanangu, mimi nasema rudini Soni. Kule mtoto anakula kande na maziwa, anachuma matunda damu mtini, anajua jina la kila mtu anayepita njiani. Maji yanateremka yenyewe kutoka mlimani, hakuna ankara. Hapa hata mchicha unanunua, na fungu lenyewe limepungua mpaka muuzaji anakukabidhi huku anaangalia pembeni. Wazee walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tusingoje kurudi tumebebwa.

MWENYE DUKA: Shikamoo Baba Mkubwa. Nimeanza na heshima kwa sababu nataka kukupinga. Umekaa mjini miaka hamsini. Kama Soni ni tamu hivyo, kilichokuweka Ilala ni nini?

BABA MKUBWA: Marahaba. Kilichoniweka ni sindano na uzi. Lakini nisikilize. Sisi tuliona serikali inahamishia mamilioni ya watu kwenye vijiji vya ujamaa kati ya 1973 na 1976. Kisha 1983 ikaja Nguvu Kazi: vijana wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa hapa mitaani, wakapakiwa kwenye magari, wakapelekwa wakalime. Haikupita muda, nikaanza kuwaona tena Kariakoo, mmoja mmoja. Fundisho nililopata ni kwamba mtu akisukumwa kwenda kijijini atarudi. Ndiyo maana nawaomba mwende kwa hiari.

MWENYE DUKA: Mimi katika habari hiyohiyo napata fundisho jingine. Walirudi kwa sababu pesa ilikuwa huku. Dola nzima ilisukuma na pesa ikavuta, pesa ikashinda. Mimi na mke wangu tutaishinda kwa hiari tu?

MAMA: Niulize swali dogo. Baba Mkubwa, hilo shamba la Soni ni ekari ngapi?

BABA MKUBWA: La babu yenu lilikuwa ekari nne. Tukagawana ndugu watano.

MAMA: Kwa hiyo fungu la marehemu baba mkwe halifiki ekari moja.

BABA MKUBWA: Halifiki.

MAMA: Na yeye ameacha watoto wanne. Mume wangu akichukua chake ni pungufu ya robo ekari, kwenye mteremko.

BABA MKUBWA: Mteremko unalimika ukichimba matuta. Miaka ya 1950 wazee wetu waligomea matuta ya Waingereza, wakaona ni kazi ya kutesana inayowapunguzia shamba. Leo tunachimba wenyewe bila kuamrishwa, tumeona mvua inavyobeba udongo.

MAMA: Sikatai kuchimba, Baba Mkubwa. Nauliza watoto watatu watakula nini na watavaa nini kwa robo ekari, na wakikua watagawana nini.

MWENYE DUKA: Na hicho kinachovunwa kinakwenda wapi? Kabichi, karoti na viazi vya Lushoto vinapakiwa kwenye fuso jioni, alfajiri viko Kariakoo. Mkulima anauza lumbesa: gunia limejazwa, likaongezwa kilemba cha majani na kamba juu, akalipwa bei ya gunia moja. Serikali imekataza mara ngapi? Lumbesa ipo. Anayekula faida ni yule aliye upande huu wa barabara.

MUUGUZI: Niongeze la kazini kwangu. Zahanati ya kijijini inafanya kazi kubwa: chanjo, kliniki ya wajawazito, malaria. Mama akihitaji upasuaji usiku, zahanati haina la kufanya ila kumtafutia gari. Mlimani wakati wa masika, hilo gari ndilo linaloamua nani anaishi. Mimi ni wa Soni, napapenda. Lakini sitamshauri mwanamke anayetarajia kuzaa tena ahamie huko kwa sababu ya matunda damu.

Hoja ya jiji

MWENYE DUKA: Sasa niseme langu. Soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na tangu hapo mitaa inayolizunguka imekuwa duka la nchi nzima na la majirani. Mteja wangu wa asubuhi anaweza kuwa wa Kahama, wa mchana Mzambia, wa jioni Mkongo au Mkomoro. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua. Watu walilia, kisha kesho yake wakatafuta pa kupanga mzigo. Mei 2023 wafanyabiashara tulifunga maduka kwa sababu ya kodi na makadirio, mpaka Waziri Mkuu akaja kutusikiliza Mnazi Mmoja. Ni mtaa gani wa mkoani ukifunga maduka Waziri Mkuu anakuja?

MUUGUZI: Kaka, hiyo ni hoja ya fremu. Tunajadili familia.

MWENYE DUKA: Familia inakula kutoka kwenye fremu. Na bado sijamaliza. Muhimbili iko jirani tu, na taasisi ya moyo iko humohumo. Mwendokasi tangu Mei 2016 unapandia Gerezani na kufika Kimara. Shule ziko karibu, na ada ya shule za serikali imefutwa. Mwaka 2011 mwezi wa Desemba mafuriko yalipoikumba Jangwani, watu walipewa viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa ya jiji. Wapo walioondoka kule wakarudi bondeni. Waliitwa wakaidi. Mimi nasema walijua hesabu: anayeuza maji, anayesukuma mkokoteni, mama ntilie, wote wanaishi kwa kuwa karibu na Kariakoo. Ukimpeleka mbali umempa ardhi umemnyang'anya kazi.

BABA MKUBWA: Hapo amesema kweli. Hata mimi nilipokuwa nashona Mtaa wa Likoma, kwenda kazini ilikuwa ni kuvuka uani.

MWENYE DUKA: Na mimi nililelewa hapohapo, kwa Baba Mkubwa. Nilisoma, sikuwa mwizi, sikuvuta bangi. Kariakoo ilinilea mimi. Itashindwaje kuwalea wanangu?

MAMA: Baba Mkubwa, tueleze nyumba ile ilivyokuwa.

BABA MKUBWA: Nyumba ya Kiswahili, vyumba sita. Vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati, na nyuma uani: jiko, bafu, choo, kamba za nguo. Mbele baraza. Wapangaji sita, makabila matano. Mtoto akifanya utundu, mama yeyote aliyekuwa karibu alimshika sikio, na mzazi wake akasema ahsante. Ukiugua, uji ulifika kabla ya ndugu zako kupata habari.

MAMA: Nyumba hiyo iko wapi sasa?

BABA MKUBWA: Ilivunjwa. Warithi waliingia ubia na tajiri, ikasimama ghorofa.

MAMA: Basi mume wangu hakulelewa na Kariakoo hii. Alilelewa na uani ambao haupo. Hii niliyopewa mimi nitawaeleza ilivyo, kwa sababu nyote mnaiona mkipita, mimi ndiye ninayekaa. Chini ni maduka. Ghorofa ya kwanza na ya pili ni maduka na stoo. Ya tatu, vyumba viwili vilivyokuwa vya familia vimegeuzwa stoo ya mabegi, maana mzigo unalipa kodi kuliko mtu na haulalamiki maji yakikatika. Asubuhi ngazi ni za makuli. Mtoto akitaka kushuka namshika mkono, asije akagongwa na robota. Pa kuchezea ni korido. Umeme ukikatika, pampu haivuti, tunapandisha maji kwa ndoo. Chini jenereta za maduka zinanguruma mpaka huwezi kusikia taarifa ya habari. Na mwaka 2025 ukazinduliwa mpango wa biashara saa 24. Kwa mwenye duka ni habari njema. Kwa mwenye kitoto cha mwaka mmoja ni kwamba hata ule ukimya wa saa nane za usiku hatunao.

MWENYE DUKA: Mke wangu, kila mahali pana tabu zake.

MAMA: Sijamaliza. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapo Mchikichi na Congo. Watu zaidi ya ishirini walikufa, wengine walikuwa chini ya kifusi wanapiga simu. Tangu siku hiyo nikisikia nyundo kwenye jengo letu nashuka na watoto. Mara ya kwanza ulinicheka.

MWENYE DUKA: Sikukucheka tena baada ya hapo.

MAMA: Kweli, hukunicheka. Lakini hukuhama pia. Tumelipa kodi ya miezi sita mkononi, dalali kachukua chake, ukasema tumalize kwanza miezi iliyobaki. Ikiisha tunalipa sita mingine. Ndivyo tulivyofika mwaka wa nane. Swali langu kwenu nyote ni moja: saa nne asubuhi nani yuko nyumbani? Baba yuko dukani. Baba Mkubwa yuko barazani anakunywa kahawa. Wifi yuko wodini. Aliyeko nyumbani ni mimi, mdogo mgongoni na wa pili kwenye korido. Mbona anayesema sana juu ya nyumba ni yule anayekuja kulala tu?

Hoja ya mji mdogo

MUUGUZI: Wifi ameuliza, na mimi nitajibu kwa ninavyoishi. Korogwe iko kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, mto unapita, mashamba ya mkonge na machungwa hayako mbali. Natoka nyumbani kwenda kazini Hospitali ya Magunga kwa miguu. Mwanangu anakwenda shule kwa miguu, mchana anarudi kula. Nyumba ina uani, uani una mpapai, jirani yangu ana banda la kuku. Kwa kodi ninayolipia nyumba nzima nisingepata chumba na sebule hapa. Na mtu mwenye mshahara wa kawaida, akijibana, anaweza kununua kiwanja kilichopimwa. Hapa Kariakoo ni nani kati yenu mwenye ndoto ya kununua hata ngazi?

MWENYE DUKA: Dada, Korogwe ni mji wa kupita. Basi linasimama, watu wanakula, wananunua machungwa, wanaondoka. Nani atanunua sufuria zangu?

MUUGUZI: Wanaokaa, kaka. Wapo walimu, askari, wauguzi, wakulima wanaoteremka na pesa ya mazao, wenye hoteli zinazolisha hao wapita njia. Sufuria hawanunui Kariakoo, wananunua kwa mfanyabiashara aliyezifuata Kariakoo. Huyo hawezi kuwa wewe?

MWENYE DUKA: Huyo anauza kwa rejareja na daftari la madeni. Mji ambao kila mtu anakujua, kila mtu anakukopa. Mwalimu anachukua beseni leo, analipa mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi anakuambia mshahara umechelewa, na mtoto wako yuko darasani kwake. Utamdai vipi?

MUUGUZI: Hapo umenipata. Madeni yapo. Na umbea upo. Ukinunua kitanda kipya, kesho sokoni unaulizwa ni sita kwa sita au tano kwa sita. Sitaficha na jingine: ugonjwa ukiwa mkubwa, tunaandika rufaa ya Bombo, Tanga, au mgonjwa anapelekwa KCMC au Muhimbili. Hatuna kila kitu. Ninachosema ni kwamba tuna vile vinavyohitajika mara kwa mara, na vile vinavyohitajika mara moja kwa miaka kumi vina barabara ya lami ya kuvifikia.

BABA MKUBWA: Na Soni ni jirani. Mombo, unapanda mlima, umefika.

MUUGUZI: Ndiyo, Baba Mkubwa. Shamba lisiwe hadithi, liwe mahali watoto wanakwenda Jumamosi.

MWENYE DUKA: Basi tuelewane. Mke wangu na watoto waende Korogwe, mimi nibaki na duka. Nitakuja kila mwisho wa mwezi. Magari yapo tele, stendi ya Magufuli hailali.

MAMA: Hapana.

MWENYE DUKA: Hata hujafikiri.

MAMA: Nimefikiri miaka mitatu. Wake wangapi wa jengo hili walipelekwa mkoani kwa maneno hayohayo? Mwezi wa kwanza mume anakuja na mkate na mifuko miwili. Mwezi wa nne anatuma pesa kwa simu. Mwaka wa pili anatuma pesa pungufu na sababu. Majiko ni mawili, kodi ni mbili, na yeye anapika kwa nani? Sisemi wewe ni mbaya. Nasema Kariakoo haimwachi mwanamume mwenye fremu alale mwenyewe muda mrefu. Na watoto watamjua baba kwa sauti ya simu.

MWENYE DUKA: Basi tutafute nyumba pembeni. Chanika, Mbezi, hata Kibaha.

MAMA: Hilo naweza kulijadili, lakini tuhesabu saa. Kufungua duka saa mbili, kutoka Chanika utaondoka saa kumi na moja alfajiri. Kufunga saa moja jioni, foleni, daladala, utafika saa tatu au nne usiku. Watoto utawaona wamelala Jumatatu mpaka Jumamosi. Ni afadhali kuliko mwisho wa mwezi, nakubali. Lakini tusiseme tumehamia pembeni ili baba awe karibu na wanawe.

BABA MKUBWA: Basi watoto wawili wakubwa waende kwa bibi yao. Ndivyo tulivyofanya sote.

Simu kutoka Soni

BIBI: Shemeji nimekusikia, nilikuwa nimewekwa sauti kubwa. Wajukuu zangu nawapenda. Waje Desemba, kande zipo, maparachichi yapo. Lakini kuwalea mwaka mzima, hapana. Unasema maji yanateremka yenyewe. Yanateremka mpaka mferejini, shemeji. Kutoka mferejini mpaka jikoni yanapanda kichwani kwangu. Kuni za kuokota zimekwisha, nanunua. Vijana wa kunibebea wako kwenu huko wanasukuma mikokoteni. Mtoto akipandisha homa usiku nimteremshe na nani? Mimi nililea wangu, nikalea na wa marehemu wifi yangu. Sasa mnaniletea wengine kwa sababu chumba chenu kimejaa mabegi. Mimi si stoo.

MWENYE DUKA: Mama, hatukumaanisha hivyo.

BIBI: Najua hamkumaanisha. Na kama mnatafuta nyumba Korogwe, tafuteni yenye chumba changu. Presha hii inataka kliniki kila mwezi, na kila mwezi nateremka na pikipiki nimeshikilia kofia ya dereva. Shamba nitalima msimu, nitakuja kusimamia. Sijasema nauza. Nimesema nimechoka kupanda.

BINTI: Na mimi naweza kusema?

BIBI: Sema mjukuu wangu.

BINTI: Mimi sitaki kuhama. Jumamosi nakwenda Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed, kwa miguu, na rafiki yangu. Kuna vitabu, kuna meza, kuna ukimya. Mama anasema hapa hakuna ukimya, mimi nimeupata. Shangazi, Korogwe kuna maktaba kama ile?

MUUGUZI: Kama ile, hakuna.

BINTI: Basi mnanihamisha kutoka kwenye kelele na vitabu kwenda kwenye ukimya bila vitabu.

Uamuzi wa mwandishi

Nimewapa nafasi wote, sasa niseme ninavyoona.

Baba Mkubwa na Mwenye Duka wanabishana, lakini wana ugonjwa mmoja: kila mmoja anatetea mahali alipoacha utoto wake. Soni ya ekari nne haipo, ipo ya robo ekari. Kariakoo ya vyumba sita na uani haipo, ipo ya fremu, stoo na makuli ngazini. Wazazi wengi wanaojadili kuhama hukosea hapo. Wanalinganisha kijiji cha utoto na jiji la leo, au jiji la utoto na kijiji cha leo, kisha wanashangaa uamuzi ukiwasuta. Bibi amefanya kazi nzuri kuliko sote: amekisema kijiji kama kilivyo asubuhi ya leo, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Jambo la pili ni hesabu ya kura. Katika nyumba nyingi za mjini, mahali pa kuishi huamuliwa na mwenye kipato, kwa sababu ndiye anayelipa kodi. Mimi naona kura ingepimwa kwa saa. Anayekaa nyumbani saa ishirini, kura yake iwe na uzito wa saa ishirini. Mwenye Duka anaishi dukani na kulala nyumbani; maoni yake juu ya fremu yasikilizwe kwanza, maoni yake juu ya korido yasikilizwe mwisho. Kwa kipimo hicho Mama ameshinda kabla hatujafika Korogwe.

Ila ushindi wake una sharti alilolisema mwenyewe, na mimi nalikazia. Kugawa familia, baba jiji, mama mji mdogo, watoto kijijini, ndilo chaguo baya kuliko yote matatu, ingawa ndilo linaloonekana la busara kwenye karatasi. Linampa baba uhuru, linampa mama upweke, linampa bibi mzigo. Kwa hiyo naamua hivi. Ikiwa Mwenye Duka anaweza kuhamisha biashara yake, wahamie Korogwe wote, na yeye awe yule anayefuata mzigo Kariakoo na kuuza kwa wenye maduka ya Mombo, Lushoto na Handeni. Atapata kidogo kuliko sasa, na daftari la madeni litamtesa. Hilo ni bei, na alijue kabla ya kusaini. Kodi atakayookoa ndiyo mtaji wake wa kwanza. Ikiwa hawezi, basi wabaki Dar es Salaam wote, lakini watoke kwenye jengo lile, wasogee mahali penye uwanja wa mchanga na choo chao, hata kama baba atarudi saa tatu usiku. Saa tatu ya kila usiku ni bora kuliko mchana kutwa wa mwisho wa mwezi.

Binti hakunishinda, lakini sikumjibu kikamilifu. Nchi ambayo mtoto lazima achague kati ya pa kucheza na pa kusoma ina deni, na wanaodaiwa ni halmashauri za miji kama Korogwe, zinazopima viwanja vya makazi na fremu za stendi kabla ya kukumbuka rafu za vitabu. Kwake yeye nashauri jambo dogo linalowezekana: wasihame kabla hajafanya mtihani wa darasa la saba Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari, na Januari ndiyo tarehe nzuri ya kuanza upya bila kukatisha masomo. Mpaka wakati huo Jumamosi zote za maktaba ni zake.

Limebaki la mwisho, nalo amelitaja Mama tulipokuwa tunafunga. Kiwanja cha Korogwe kikinunuliwa, kiandikwe majina mawili. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki ya kumiliki sawa na mwanamume. Kinachokosekana mara nyingi ni mume kukubali kwenda naye ofisi ya ardhi. Mama anaacha mji anaoujua, anakwenda kwenye mji wa wifi yake, karibu na shamba la wakwe zake, pamoja na mama mkwe anayekuja na chumba chake. Anayehama kwa ajili ya wengine asiwe mpangaji wa wengine. Mwenye Duka ameombwa ajibu hilo kwa ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, atafute fuso. Akisema hapana, basi hata Korogwe nimeifuta kwenye orodha, na Mama abaki na kura yake mkononi.